Maji ya Bibi Hayachemshwi

Wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki, kopo la maziwa umelificha ndani ya mfuko mweusi, sogea kidogo tukae wote. Nimewahi kukaa hapo. Najua unavyoangalia chini mama wa pembeni anapofungua kifua na mtoto wake akaanza kugugumia, unavyohisi benchi zima linakusema. Halikusemi. Kila mmoja pale ana lake.

Naitwa Zuhura, nina miaka kumi na tisa, kwetu Mbuchi, huku delta. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Mimi si msemaji. Darasani nilikuwa najua jibu nikaacha mwingine anyooshe mkono. Ndiyo maana naandika. Yale nisiyoweza kuyatamka mbele ya mtu nayaweka kwenye karatasi, na haya nimeyatoa huko, nimeyapanga tu. Mwanangu Riziki sasa anakaa mwenyewe na anavuta ndevu za baba yake, kwa hiyo naweza kuandika.

Riziki alizaliwa wakati watu wanapandikiza mpunga. Kwa mila yetu uzazi wa kwanza unakwenda kwenu, na kwetu mimi ni kwa Bibi, mama yake mama, aliyenilea tangu mama alipofariki. Mume wangu Hamisi anatafuta kaa mikokoni na kuwapeleka kwa wanunuzi Nyamisati, hivyo alikuwa wa kuja na kuondoka. Akija, Bibi anampokea kwa utani wake.

"Karibu mume wangu. Huyu mke mwenzangu siku hizi kazi yake kulala tu, mimi ndiye ninayekupikia."

"Basi nioe wewe, Bibi, huyu nimrudishe."

"Umrudishe wapi na hapa ndipo kwao? Umeshapigwa hapo, bwana."

Nami ndani ya chandarua nacheka kimyakimya, mtoto kifuani.

Chumbani kwa Bibi, juu ya kitanda, kunaning'inia kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Nimekiona tangu napata akili. Ndani yake mna maji, tunayaita maji ya babu. Kuna ndugu yetu anakaa Mloka, huko juu mtoni, kila mwaka anayachota mahali wanapopajua wakubwa na kuyaleta. Bibi anayasomea dua, anayatunza, na kila mtoto wa ukoo akizaliwa hupakwa kidogo kwenye utosi. Riziki alipakwa siku ya jina. Alipiga chafya, watu wakacheka. Nami sikukiwaza tena kibuyu.

Siku za mwanzo maziwa yalikuwa mengi mpaka khanga inalowa. Halafu ziwa la kulia likaanza kuuma. Likawa jekundu, la moto, upande mmoja gumu kama jiwe la kusagia. Sikumwambia mtu. Ni ziwa, ningeanzaje? Nikawa nampa mtoto la kushoto tu, la kulia nalifunga na kitambaa nisiligongeshe. Homa ikaja. Jua limewaka mchana kweupe, mimi meno yanagongana.

Bibi aligundua kwa pua, nadhani, maana aliingia akasimama akanusa.

"Zuhura, fungua."

"Hapana, Bibi."

"Nimekuogesha mimi mpaka hayo yakaota, leo unanionea haya? Fungua."

Nikafungua. Bibi akanyamaza. Yeye ana neno kwa kila kitu, hata kwa kuku. Aliponyamaza ndipo nilipoogopa.

Alinikanda kwa maji ya moto na majani, asubuhi na jioni. Haikusaidia. Na Riziki alikuwa anaisha. Mapaja yake yalianza kukunjamana, ngozi imelegea kama soksi ya mtu mwingine. Alikuwa ananyonya akichoka, analala, anaamka analia kwa sauti nyembamba kama mlango usiotiwa mafuta. Wa kunipeleka hospitali hakukosekana. Kilichonizuia ni arobaini. Kwetu mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na mimi hata nusu sikuwa nimefika.

Hamisi alirudi na matope magotini, akamwinua mtoto, akamrudisha polepole sana.

"Bibi, nakwenda nao Kibiti."

"Arobaini haijaisha, mume wangu."

"Ikiisha tutakuwa na nani wa kumtoa nje?"

Bibi hakubisha tena. Alikwenda kuleta khanga mbili, akanifunika kichwa na uso, akabaki ananitengeneza pindo kama anayemvisha bibi harusi. Mikono yake ilikuwa baridi.

Hospitali nilikaa kwenye foleni nikiwa nimejikunja upande wa kulia. Mama mmoja aliniambia, "Mdogo wangu, kaa vizuri, utamwangusha." Sikuweza kumweleza. Nilipoingia nikakuta daktari ni mwanamume, tena kijana. Nilitamani ardhi inimeze. Akanigeuzia mgongo akaosha mikono taratibu, akaniacha nifungue nguo mwenyewe kwa wakati wangu. Hilo sijalisahau. Watu wanadhani huruma ni maneno.

Lilikuwa jipu. Likapasuliwa. Nitasema tu kwamba usaha ulitoka mwingi, na kwamba nililia kwa sauti, mimi ambaye hata msibani nalia kwa machozi tu. Wakanitia utambi kwenye kidonda. Nikawa mtu mwenye ziwa moja na shimo.

Walipompima Riziki uzito, nesi alitazama mzani, akamtoa, akampima tena. Nesi huyo ni mama mtu mzima, mnene, ana sauti ya kuamrisha.

"Mama, la kushoto ni zima, aendelee nalo. La kulia uwe unakamua, usiliache lijae. Na mpaka uzito urudi tutamwongezea ya kopo."

Nikauliza kwa sauti ya chini, ya kopo si ya watoto waliofiwa na mama?

"Ni ya mtoto mwenye njaa. Lakini sikiliza. Kwanza ziwa, kopo baadaye. Kila anapokula, kwanza ziwa. Ukianza na chupa, ziwa litaona halina kazi, litafunga duka."

Hamisi alikuwa keshanunua chupa, anaionyesha kwa fahari. Nesi akaitazama. "Kikombe kingekuwa rahisi kukiosha. Lakini mmeshanunua. Basi iheshimuni hii chupa, maana mlemle inamopita riziki ndimo unamopita ugonjwa."

Akanifundisha pale pale, mimi nimekaa na maumivu yangu. Mikono kwa sabuni. Chupa na nyonyo zisuguliwe ndani kwa brashi mpaka utelezi wa maziwa uishe, kisha zitumbukizwe kwenye sufuria, maji yazifunike, zichemke kwelikweli, zikae humo humo mfuniko juu mpaka wakati wa kutumika. Maji ya kuchanganyia nayo yachemke, na yamiminwe kwenye chupa yakiwa bado ya moto, maana hata ule unga wenyewe, alisema, unaweza kuwa na vijidudu, na moto ndio unaviua. Maji kwanza, unga baadaye, kijiko chake kisawazishwe kwa mgongo wa kisu, wala usikandamize. Usipunguze unga ili kopo lidumu. Usizidishe ili mtoto anenepe. Ukishatikisa, ipoze chupa kwenye beseni la maji baridi, lakini maji yasifike kwenye mfuniko. Dondoshea mkononi uone joto. Akibakiza, mwaga.

"Mwaga?" Hamisi aliuliza.

"Mwaga. Bakuli alilolilamba paka huwa unamhifadhia nani?"

Nilirudi Mbuchi na hayo yote kichwani, nikiyarudia ndani ya mtumbwi kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Huku kwetu maji ya kisima yana chumvi, kwa hiyo Hamisi akawa analeta madumu ya maji baridi, yasiyo na chumvi, na mvua za masika zilipoanza nikakinga ya bati. Kuni zikawa zinaniishia. Nampa Riziki la kushoto, nampa chupa, namlaza, nakamua la kulia huku nauma pindo la khanga, nasugua chupa, nachemsha, na kabla sijakaa analia tena. Nywele zilianza kunitoka kwa mafungu. Nguo zote zilinuka maziwa yaliyochacha na dawa ya kidonda. Hamisi akinikaribia nilikuwa nasogea, si kwa kumchukia. Nilijinusa mwenyewe nikajionea kinyaa.

Bibi alikuwa anatazama kazi hiyo akiwa kibarazani.

"Unapika chupa tena?"

"Nachemsha, Bibi."

"Ikiiva unipunguzie mchuzi, nina wali mkavu."

Kumwaga mabaki ndiko kulikomuuma. Kila nikimwaga alisema "Astaghafiru" na kugeuka. Bibi amelelewa na watu waliosimuliwa njaa ya baada ya vita, vita vya Maji Maji, na kwake punje ya wali ikianguka inaokotwa. Lakini kazi ya kunipozea chupa aliipenda. Mimi nikienda kukamua, yeye ndiye anayekaa na beseni. Nilimshukuru Mungu kwa msaada huo.

Riziki akaanza kujaa. Videvu vikawa viwili. Kisha, mpunga ukiwa umeanza kutoa mashuke, akaanza kuharisha.

Mwanzo nilisema ni meno, ingawa meno yapi kwa mtoto wa umri ule. Kisha ikawa maji matupu, ya kijani, yananuka. Tukaenda Kibiti. Wakampa dawa ya unga ya kuchanganya na maji safi na vidonge vya zinki, akalala wodini, akakata. Tukarudi nyumbani, akaanza upya. Tukaenda tena. Akakata tena. Tukarudi, akaanza.

Hapo ndipo nilipokaribia kupotea akili. Nilichemsha chupa mpaka nyonyo zikalegea. Nilichemsha brashi. Nilichemsha kijiko cha ndani ya kopo. Nilinawa mikono mpaka vidole vikapasuka. Nikamwambia Hamisi kopo ni bandia, wamemuuzia chokaa, akaenda Ikwiriri kununua jingine duka tofauti. Hali ikawa ile ile. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikadhani ule usaha umeingia kwenye damu, umevuka mpaka ziwa la kushoto, na kwamba namnyonyesha mwanangu sumu. Wazo hilo likanikaa. Nikawa namwekea ziwa mwili wote umekaza, yeye anavuta, anakuta kitu kidogo, anaachia na kulia. Nesi alikuwa ameniuliza, "Nyumbani nani mwingine anamtengenezea?" Nikajibu kwa uhakika kabisa, "Ni mimi tu."

Sikusema uongo. Nilikuwa natengeneza mimi tu.

Ilikuwa mchana. Nimekaa nyuma ya mlango nakamua, hayakutoka mengi, nikainuka mapema kuliko kawaida. Mguu pekupeku haupigi kelele. Bibi alikuwa mkekani, beseni mbele yake, Riziki kamlaza kwenye paja. Akaitoa chupa kwenye beseni, akaipangusa vizuri kwa kitambaa safi kama nilivyomwonyesha. Akafungua mfuniko. Akakichukua kibuyu kilichokuwa ubavuni pake, akang'oa gunzi, akamiminia kidogo ndani ya chupa, midomo inacheza dua. Akafunga. Akatikisa.

"Bibi!"

"Nini wewe, mbona unanistua na mtoto?"

"Umeweka nini?"

"Maji ya babu." Alisema kama mtu aliyeulizwa leo siku gani.

"Tangu lini?"

"Tangu uliporudi na hilo kopo. Ulitaka anywe hicho kitu cha dukani kitupu? Mimi nilidhani unajua."

Nilimnyang'anya chupa. Sijawahi kumnyang'anya Bibi kitu chochote maishani. Nikaimwaga pale pale mlangoni, kuku wakakimbilia.

"Hayajachemshwa, Bibi! Ni maji ya mtoni, yamekaa humo tangu mwaka jana!"

"Maji haya hayachemshwi. Ukiyachemsha yanabaki maji tu."

"Ndiyo yanayomharisha!"

"Yamharishe?" Alicheka kidogo, kicheko cha kuumia. "Keti nikwambie. Bibi mzaa bibi yangu alizaliwa porini wakati wa vita. Wajerumani wamechoma nyumba, wamechoma na maghala. Mama yake ziwa lilikauka hivi." Akaonyesha kiganja chake. "Wakawa wanachovya kidole kwenye maji haya wanamlambisha, siku kwa siku, mpaka wakatoka porini. Akaishi. Ndiye aliyetuzaa sisi sote. Wewe unaniambia maji haya yanaua?"

Nami, Mungu anisamehe ulimi, nikamjibu ya darasani. "Bibi, maji yale hayakuzuia risasi. Tumesoma. Watu walikufa."

"Nyinyi mnasomeshwa waliokufa. Mimi nakwambia aliyebaki. Asingebaki yule, nani angekuzaa wewe ukaenda huko shule?"

"Unamuua, Bibi! Unamuua mwanangu!"

Sauti ile sikujua kama ni yangu. Jirani aliacha kutwanga. Bibi alimlaza Riziki mkekani, polepole, akamfunika miguu. Akajifunga khanga, akachukua kibuyu chake na kisu, akasema bila kuniangalia, "Nakwenda shambani kuamia ndege." Akaenda. Shamba liko ng'ambo ya mto, na wakati huo wa kufukuza ndege watu hulala huko huko kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo. Hakuaga, na utani wake wote aliondoka nao.

Nikabaki na mtoto na ukweli, na ukweli haukunisaidia chochote siku ile. Nilidhani nikishajua, ataacha kuharisha. Jioni hiyo macho yake yalizama. Utosi ukabonyea kama umebonyezwa kwa kidole gumba. Akawa analia bila machozi, kisha akaacha hata kulia, na huko kuacha ndiko kuliko kubaya zaidi. Hamisi aliazima boti yenye mashine. Njia nzima nilikuwa nimemwekea kidole mbele ya pua.

Wodini walitafuta mshipa mkononi, wakakosa. Mguuni, wakakosa. Wakamnyoa upande mmoja wa kichwa wakamchomea hapo dripu. Kichwa kidogo namna ile, sindano, na plasta. Hamisi alitoka nje, nikamsikia anatapika. Mimi nilisimama. Nilimwomba Mungu vitu ambavyo siviandiki, nikamwahidi vitu ambavyo sina.

Nesi yule yule mnene nilimweleza yote. Nilitegemea amtukane Bibi, na nilikuwa tayari kugombana naye akifanya hivyo, sijui kwa nini. Hakutukana. Akasema, "Mwekee ziwa."

"Halitoi kitu."

"Weka tu. Hata akiwa hana nguvu, akilamba, mwili unasikia."

Nikaweka. Halikutoka hata tone la kuonekana. La kulia lina kovu, la kushoto limenyamaza. Nikawaza yule mama wa porini na kiganja cha Bibi, nikamwelewa mara ya kwanza. Mtu akifika pale, akiambiwa chovya kidole, anachovya.

Bibi alikuja kesho yake. Hamisi alimfuata shambani, lakini alisema alimkuta njiani, keshavuka mto mwenyewe. Bibi hakuwa amefika Kibiti miaka mingi. Alisimama mlangoni pa wodi, matope yamemkaukia miguuni, kibuyu kakibana kwapani, anatafuta kitanda kwa macho. Nilikiona kibuyu. Nikajisogeza nikamkinga mtoto kwa mgongo wangu. Aliona nilivyofanya.

Akakaa sakafuni, kwenye khanga yake. Akatazama dripu ikidondoka.

"Hayo ni nini?"

"Maji, Bibi. Yametiwa chumvi na sukari."

"Yamechemshwa?"

"Yamechemshwa."

Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa. Mchana ukapita na chai ya jioni ikagawiwa. Nesi alipokuja kubadilisha dripu, Bibi akamwita.

"Mwanangu, nina swali la kijinga."

"Uliza, mama."

"Anachokunywa huyu mkubwa, yule mdogo kinamfikia?"

"Hakimfikii kama kilivyo. Mwili wa mama unakichuja kwanza, unakifanya maziwa. Ndiyo maana maziwa yake ni salama kuliko chochote ninachoweza kumpa mimi."

"Unakipika, kwa maneno mengine."

Nesi akacheka. "Ehe, unakipika."

Bibi akasubiri aondoke. Kisha akang'oa gunzi, akamimina kwenye kifuu alichokuja nacho, akaninyooshea mimi.

"Kunywa wewe."

Nikabaki namtazama.

"Moto wa sufuria unayaua. Moto wa mtu hauyaui. Wewe ndiwe jiko, mke mwenzangu. Kunywa."

Lilikuwa neno la utani, lile la siku zote, ndilo lililonivunja. Nilikipokea kifuu. Sikuambii na wewe ufanye hivyo. Ningekuwa nakushauri ningesema kunywa maji yaliyochemshwa, na kila nesi atakwambia vivyo hivyo. Nakueleza tu nilichofanya. Niliwaza, nikiharisha nitaharisha mimi, mimi ni mkubwa. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi na udongo. Bibi akanishika mgongo kwa kiganja chote, midomo yake inacheza, mpaka nikamaliza. Tangu jipu lipasuliwe mtu hakuwa amenigusa hivyo, bila kutafuta kidonda. Nililala nimekaa, Riziki kifuani.

Siwezi kukuambia maziwa yalirudi kwa sababu gani. Nesi alisema ni kwa sababu mtoto alikuwa anawekwa. Bibi aliinua nyusi tu. Yalirudi kidogo kidogo, si kama mafuriko, kama kisima kinachorudisha maji. Riziki alikojoa, na mimi na Hamisi tukashikana mikono kwa ajili ya nepi iliyolowa kama watu walioona mwezi wa Idi.

Haikuishia hapo. Kulikuwa na siku za kurudi nyuma, homa, mzani usiosogea. Niliendelea na ziwa kwanza na chupa baadaye, kuchemsha na kumwaga, mpaka mpunga ukavunwa na ukaanikwa. Bibi aliendelea kupoza chupa kwenye beseni. Kibuyu kilibaki juu ya kitanda. Mara ya kwanza nilipomwachia tena chupa nilikwenda nyuma ya mlango, sikukamua, nilichungulia. Alijua. Bila kugeuka akasema, "Kamua wewe, acha upelelezi." Sasa la kulia nalo linatoa, kwa uchovu, na kopo tunalitumia mara moja moja tu.

Juzi jirani yetu Mwajuma, yule aliyeacha kutwanga siku ile, alimleta mtoto wake mchanga kwa Bibi apate maji ya babu. Alikuwa na chupa na yeye, maana maziwa yanamsumbua. Akafungua mfuniko akamsogezea Bibi, amtilie humo.

Nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi.

Bibi akakiteremsha kibuyu, akamimina kwenye kifuu, akampa Mwajuma.

"Kunywa."

"Mimi, Bibi? Si hupewa mtoto?"

"Nani kakwambia? Mtoto hupakwa tu. Anayekunywa ni mama. Ndivyo ilivyo tangu vita."

Akaniangalia kwa jicho moja, nimpinge kama naweza. Mimi si msemaji. Nikaenda jikoni nikaweka maji motoni kwa ajili ya chupa ya Mwajuma.